Muhuri wa Mfuaji Jezi

Wanaodhani mpira huchezwa uwanjani tu hawajawahi kufua jezi. Mama Jezi alikuwa amezifua kwa miaka ishirini na miwili, na kwa kuziinua tu kutoka kwenye kapu aliweza kukwambia nani alikimbia, nani alitembea, na nani alishinda benchi akila karanga. Makocha sita walikuja na kuondoka mbele ya macho yake. Wote walimdharau mwezi wa kwanza, na wote, kufikia mwezi wa pili, walikuwa wakija chumba cha kufulia na kikombe cha chai mkononi kumuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, winga wetu unamwonaje?"

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya ofisi ya klabu: masinki mawili ya saruji, dirisha lisilofunga, na mashine moja ambayo ikianza kukamua nguo ilitembea, hadi ikabidi ifungwe mnyororo kama mbwa mkali. Juu zilipita kamba mbili ndefu za kuanikia. Jumatatu hiyo kamba zote mbili zilijaa jezi za rangi ya zambarau, na chini yake Mama Jezi alikuwa anacheza peke yake, ndoo tupu kichwani.

Alikuwa na haki ya kucheza. Jana yake timu ilikuwa imepanda ligi kuu. Miaka ishirini na miwili alifua jezi za daraja la pili, kila msimu ukiisha anasema "mwakani," na kila mwaka hiyo mwakani inagoma kufika. Sasa ilikuwa imefika. Alitaka jambo moja tu kabla hajastaafu: akae jukwaani siku ya mechi ya kwanza ya ligi kuu, mikono mapajani, aone jezi alizozifua yeye zikiingia uwanjani. Alilitaka jambo hilo mpaka likamuuma kifuani.

Kuhusu zambarau, hilo lilikuwa kosa lake mwenyewe, na hakuwahi kumsingizia mtu. Jezi za klabu zilikuwa nyeupe tangu enzi za waasisi. Miezi minne iliyopita, asubuhi ya siku ya mechi, alitumbukiza aproni yake kwenye mashine pamoja na jezi zote, akafungulia maji ya moto, akaenda kunywa chai. Mfukoni mwa aproni kulikuwa na pedi ya wino. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na siku hiyo ungedhani walikuwa wamesimama pale pale karibu na mashine. Aliporudi, jezi kumi na nane zilikuwa za zambarau, nyingine zimekolea, nyingine zimepauka. Mechi ilikuwa saa kumi jioni na seti nyingine haikuwepo.

Wachezaji waligoma kuzivaa. Nahodha, beki mnene wa shingo waliyemwita Kisiki kwa sababu washambuliaji walikuwa wanajikwaa kwake, ndiye aliyechukua yake kwanza.

"Mimi mama yangu akinipa nguo, navaa," alisema.

Walishinda tatu bila. Mama Jezi alipoahidi kuzichemsha zirudie weupe wake, wachezaji walimzuia mlangoni. Mechi kumi na tano zilizofuata hawakupoteza hata moja. Mashabiki wakaanza kuchovya mashati, vilemba, hata mapazia. Tatizo lilikuwa dogo tu: rangi haikushika. Jasho likitoka, nayo inatoka. Wachezaji walirudi nyumbani na migongo ya zambarau na wake zao wakalalamikia mashuka. Kila baada ya mechi mbili tatu Mama Jezi alilazimika kununua chupa za wino uleule wa mihuri na kuzichovya jezi upya, mpaka mwenye duka la vifaa vya ofisi akamuuliza ni ofisi gani hiyo inayogonga mihuri kuliko serikali.

Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku ile alijiwekea sheria moja na hakuivunja: pedi ya wino na jezi havikai mfuko mmoja. Wino akiualika mwenyewe kwenye beseni ni sawa. Wino kuingia bila hodi, hapana.

Sasa utauliza, pedi ya wino ilifuata nini kwa mfuaji? Hapo ndipo penye kisa. Zamani klabu ilikuwa na mwenyekiti aliyemuuza mshambuliaji mmoja kwa klabu mbili tofauti katika wiki moja, mikataba yote miwili imegongwa muhuri safi kabisa, kisha akahama mji kabla mshambuliaji hajajua aende wapi. Wanachama walikutana wakiwa wamefura kwa hasira. Mmoja akasema muhuri apewe mtu asiye na cha kuuza. Wakatazamana, wakageuka, wakamwona mzee mfuaji jezi anasinzia nyuma. Ikaandikwa kwenye katiba: muhuri wa klabu utakaa kwa mfuaji jezi, naye ataugonga juu ya neno la wanachama tu. Mzee yule alipostaafu alimkabidhi Mama Jezi pasi, vibanio vya nguo mia mbili, na muhuri, kwa mpangilio huo huo wa umuhimu. Mama Jezi aliuweka kwenye kopo la maziwa ya unga, na humo ulikaa.

Jumanne asubuhi Mwenyekiti wa sasa alipiga hodi. Huyu alikuwa mdogo wa mume wake, mwenye duka la saruji na misumari, mtu mwema mwenye uso wa mtu anayedaiwa na kila mtu.

"Hodi, shemeji."

"Karibu shemeji. Pita, ila inama, zinatona."

Aliinama akiwa amechelewa. Tone la zambarau lilitua kwenye kola yake nyeupe. Alilitazama, akaamua kuwa ana matatizo makubwa zaidi, akakalia ndoo iliyofunikwa.

"Shemeji, nimefuata muhuri. Jumamosi kuna mkutano mkuu wa ligi."

"Unataka kugonga nini?"

"Kura."

"Ya nini?"

Mwenyekiti alivuta pumzi. Kulikuwa na kampuni, alisema, kampuni kubwa. Ingemwaga pesa kwenye ligi kwa miaka kumi na tano: matangazo, mishahara, viwanja, kila kitu. Sharti lake lilikuwa kwamba ligi ibaki na klabu kumi tu, zile kubwa, na mlango ufungwe. Hakuna kupanda, hakuna kushuka.

Mama Jezi aliacha kukamua. "Na sisi tuliopanda juzi?"

"Sisi na wengine watano tunapewa pole. Basi jipya, na nyasi bandia uwanja mzima."

"Pole? Kwani tumefiwa?"

"Shemeji, nisikilize. Klabu ziko kumi na sita. Theluthi mbili ni kura kumi na moja. Wale kumi wameshakubali, wanataka mmoja tu, na wametufuata sisi kwa sababu wanajua hali yetu." Alishusha sauti. "Kaka yangu, mumeo, analisukuma lile basi la timu kuliko anavyoliendesha. Mafuta natoa dukani kwangu. Maji ya wachezaji, dukani kwangu. Wewe unafua, lakini mimi ndiye niliyefulia."

Hapo Mama Jezi alicheka, kwa sababu shemeji yake alikuwa hajafanya utani tangu mwaka juzi. Kisha hasira ikampanda, na baada ya hasira ikaja huruma, maana kila alichosema kilikuwa kweli. Mkono mtupu haulambwi, na klabu hii ilikuwa na mikono mitupu kumi na minane kila Jumapili.

"Wanachama wamesema nini?" aliuliza.

"Bado hawajaambiwa. Muda hakuna."

"Basi na muhuri hakuna. Mimi nagonga juu ya neno la wanachama. Itisha mkutano, shemeji. Kibao cha matangazo kipo, chaki ipo, na domo la mume mwenzako lipo. Kesho kutwa mji mzima utakuwa hapa."

"Mume mwenzangu gani tena?"

"Kaka yako. Si mmeoana na lile basi nyote wawili?"

Alhamisi jioni wanachama mia moja na thelathini na mmoja walijaa chumba cha kufulia na kumwagikia uani. Mikutano yao ilifanyika humo kwa sababu ya kamba. Miaka mingi nyuma walikuwa wanapiga kura kwa kunyoosha mikono, na kila mara kulikuwa na mtu wa mikono miwili. Siku hizi kila mwanachama alichukua kibanio kimoja cha nguo mlangoni. Kamba ya dirishani ilikuwa ya kukubali, kamba ya mlangoni ilikuwa ya kukataa. Ulibana kibanio chako hadharani, kila mtu anakuona, kisha ukakaa.

Mwenyekiti alieleza jambo lote bila kuficha kitu. Aliongea vizuri, mpaka Mama Jezi akaona fahari juu yake. Alisema yeye mwenyewe angependa wakubali, kwa sababu amechoka na hataki klabu ife mikononi mwake. Kisha akaenda kamba ya dirishani, akabana kibanio cha kwanza.

Watu walimheshimu. Kama kura ingepigwa dakika ile, huenda kamba ya dirishani ingejaa.

"Naomba kuuliza," alisema Mama Jezi kutoka kwenye sinki. "Hilo basi jipya litatupeleka wapi?"

"Kwenye mechi, shemeji."

"Mechi gani? Si mlango umefungwa?"

Fundi cherehani mmoja aliyekuwa akiuza vilemba vya zambarau sokoni alianza kucheka, kicheko kikapita mstari hadi mstari, mpaka watu wa uani wakacheka wasichokisikia. "Basi la kwenda kuangalia wenzetu!" mtu alipaza sauti. Fundi akasimama akasema kila kilemba atakachouza, nusu ya faida ni ya mafuta ya basi, na kinyozi akaapa kila kichwa cha Jumapili ni cha klabu. Haba na haba hujaza kibaba, walisema, na vibanio vikaanza kulia kwenye kamba ya mlangoni, tak, tak, tak, mpaka kamba ikalegea katikati.

Tisa walikubali. Mia moja na ishirini na wawili walikataa.

Mwenyekiti alihesabu mwenyewe, mara mbili. "Nimeshindwa," alisema, na sauti yake haikuwa na kinyongo. "Ila nimeshindwa na wenye klabu. Jumamosi nitaandika neno lenu."

Jumamosi asubuhi Mama Jezi alivaa gauni lake la harusi za watu, akafungua kopo la maziwa, akautia muhuri kwenye mkoba. Ndani ya mkoba ilikuwemo pia jezi ya Kisiki, iliyochanika kwapani, pamoja na sindano na uzi, maana hakwenda popote bila kitu cha kushona, na mikutano ya wakubwa ilijulikana kwa urefu. Halafu akachukua pedi ya wino. Mkono wake ulifika mdomoni mwa mkoba ukasita. Jezi na pedi, mfuko mmoja? Thubutu. Aliiweka pedi juu ya dashibodi ya basi, mbele ya mume wake, mahali ambapo mtu hawezi kuisahau.

Mume wake, Dereva, aliwaendesha yeye na Mwenyekiti vizuri sana hadi mwendo wa robo saa kwa miguu kabla ya hoteli ya mkutano. Hapo basi lilikohoa mara mbili, likalala.

"Nendeni," Dereva alisema akikunja mikono ya shati. "Huyu namjua mimi. Anataka kubembelezwa."

Walikimbia. Mama Jezi alikimbia na viatu mkononi, Mwenyekiti nyuma yake akiita "shemeji, nisubiri, nina moyo mbovu," na walifika mlangoni mwa ukumbi jasho likiwatiririka, milango ikiwa inafungwa.

Ukumbi ulikuwa na viti vilivyovalishwa vitambaa, chupa ya maji mbele ya kila mjumbe, na ukuta mmoja mweupe ambao mwakilishi wa kampuni alikuwa akiutupia picha. Mama Jezi alimpa jina papo hapo: Bwana Slaidi. Alikuwa kijana mtanashati mwenye kijiti cha mwanga mwekundu, na kila mshale kwenye picha zake ulipanda juu. Hakuwa mtu mbaya. Alisema ligi haiwezi kuishi kwa viingilio vya mlangoni na wadhamini wa msimu mmoja, na hapo alisema kweli. Alisema mishahara inachelewa, na wenyeviti wote waliinamisha vichwa. Kisha akasema klabu ndogo hazina soko, hakuna anayenunua kitu chao, na Mama Jezi akachoma sindano kwenye kwapa la jezi ya Kisiki kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kura ilisimamiwa na Katibu wa ligi, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, aliyejulikana na wote kama Mama Kanuni. Utaratibu ulikuwa huu: klabu inaitwa, mwenyekiti anakwenda meza ya mbele, anaandika kura yake, muhuri unagongwa mbele ya macho ya Katibu, naye anaisoma kwa sauti. Milango imefungwa. Atakayetoka, kura yake imetoka naye.

Klabu kumi kubwa zilikubali moja baada ya nyingine. Tano zikakataa. Ya mwisho kuitwa ilikuwa yao, kwa kuwa ndiyo iliyopanda mwisho.

Mwenyekiti aliandika neno moja kwa herufi kubwa. Mama Jezi aliinama kulisoma, maana kazi ni kazi hata kwa shemeji. HAPANA. Alimgusa bega kidogo. Kisha akaingiza mkono mkobani: muhuri huu hapa. Sindano hii hapa. Jezi hii hapa. Na pedi...

Aliiona pedi kabisa, kama ipo mbele yake, imekaa juu ya dashibodi, jua linaipiga.

"Wino wangu uko kwenye basi," alisema.

"Mama, azima wangu!" aliita mwenyekiti mmoja wa zile tano zilizokataa.

Mama Kanuni alitikisa kichwa. "Kanuni ya arobaini na moja. Kila klabu itagonga kura yake kwa muhuri wake na wino wake. Zamani klabu mbili ziliazimana wino, ikaja kusemekana zimeazimana na kura. Kura isiyo na muhuri imeharibika, na haihesabiwi."

Bwana Slaidi ndiye aliyepiga hesabu kwanza, na tabasamu lake likawafundisha wengine. Kura moja ikiharibika, zinabaki kumi na tano. Theluthi mbili ya kumi na tano ni kumi. Kumi wanazo.

Mama Jezi alisimama pale akiwa na vibanio mia moja na ishirini na viwili juu ya kichwa chake. Miaka ishirini na miwili, na sasa mlango unafungwa kwa sababu yake, kwa sheria yake mwenyewe ya kipumbavu. Alitaka kulia. Alipangusa jasho usoni kwa kile kilichokuwa mkononi, na Mwenyekiti akamkodolea macho.

"Shemeji," alisema polepole. "Uso wako."

"Uso wangu una nini?"

"Umekuwa wa zambarau."

Mama Jezi aliitazama jezi ya Kisiki. Aliigeuza, akaitazama upande wa pili. Halafu alicheka kwa sauti iliyowafanya wajumbe wa nyuma wasimame.

"Maji!" alisema. "Shemeji, mwaga maji!"

Huyo ndiye mtu aliyebana kibanio chake kwenye kamba ya dirishani, aliyeahidiwa basi na nyasi, ambaye angeweza kukohoa tu, akatafuta leso, akaacha dakika ipite. Alifungua chupa yake kwa meno, akamwaga yote juu ya jezi, juu ya meza, na juu ya suruali yake mwenyewe. Mama Jezi aliifikicha jezi ile kama anavyofikicha mfuaji, akaikunja mara nne, akaitandaza. Aligandamiza muhuri kifuani mwa jezi kwa uzito wake wote, akahesabu hadi tano, akauinua, na kuugonga juu ya karatasi.

Mama Kanuni alivaa miwani yake. Duara lilikuwa limetokea, limepauka kidogo, lakini kila herufi ya jina la klabu ilisomeka.

"Huu ni wino wa nani?" aliuliza.

"Wa klabu," alisema Mama Jezi. "Jezi hii nimeichovya mwenyewe kwenye wino wa muhuri wetu, Jumatano. Risiti ninayo." Na kweli alikuwa nayo, kwenye pochi ya sarafu, imekunjwa: wino wa mihuri, zambarau, chupa tatu.

Mama Kanuni aliisoma risiti. Alisoma kanuni ya arobaini na moja tangu mwanzo hadi mwisho, midomo ikicheza. Ukumbi mzima ulikuwa unapumua kwa zamu.

"Kanuni inasema wino uwe wa klabu," alisema hatimaye. "Haisemi ukae kwenye nini. Kura ni halali. Hapana. Kumi kwa sita. Hoja imeanguka."

Zile klabu tano ndogo zilipiga kelele utadhani ni hamsini. Mwenyekiti alimkumbatia shemeji yake mbele za watu, suruali imelowa, kola ina tone, akiwa na furaha ambayo haikuwahi kuonekana usoni mwake tangu achaguliwe. Kisha, na hili Mama Jezi alilisimulia kuliko yote, alipanda jukwaani bila kuitwa. Alisema pesa ya kampuni ligi inaihitaji, asidanganywe mtu. Basi kampuni inunue matangazo kwa miaka mitatu, si kumi na tano. Nusu ya pesa igawanywe sawasawa kwa klabu zote, nusu nyingine kwa nafasi iliyoshika timu, na mlango ubaki wazi juu na chini. Na muhuri wa kila klabu ushikwe na mtu asiye na cha kuuza. Waliobishana walibishana hadi chai ikapoa. Ilipopigwa kura, klabu kumi na tatu zilikubali.

Bwana Slaidi alikuwa mnyonge kwa muda wa kama dakika tano, kisha ufanyabiashara ukamrudia. Alimsogelea Mama Jezi aliyekuwa anakausha muhuri.

"Mama, hii rangi... kuna watu wangapi huko kwenu wanaivaa?"

"Nenda ukawahesabu, mwanangu. Ila usimkumbatie yeyote akiwa na jasho."

Walirudi kwa miguu hadi kwenye basi. Lilikuwa limezungukwa na mashabiki waliokuwa wamekuja kusubiri habari, zambarau kuanzia vilemba hadi viatu, na Dereva alikuwa amekwishawapanga nyuma tayari kusukuma. Alimwona mke wake anakuja mbio, uso wa zambarau, viatu mkononi, akashika pedi ya wino akaiinua juu dirishani.

"Mke wangu! Umesahau wino wako!"

Mama Jezi alikaa chini barabarani na gauni lake la harusi za watu, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na ilibidi Mwenyekiti awaeleze watu kilichotokea. Lile basi halikuhitaji injini siku hiyo. Walilisukuma hadi nyumbani wakiimba.

Kesho yake Kisiki alikuja kuchukua jezi yake. Kwapa lilikuwa limeshonwa, lakini kifuani, pale muhuri ulipogandamizwa, palikuwa na duara lililofifia, na ndani yake jina la klabu likisomeka waziwazi.

"Iache niifue, niichovye upya," alisema Mama Jezi. "Itarudi sawa."

"Mama, ukiifua nahama timu."

Walivutana kidogo, kila mmoja ameshika mkono mmoja wa jezi. Mama Jezi hakuwahi katika maisha yake kumwachia mchezaji aingie uwanjani na jezi isiyofuliwa. Aliona ni aibu, kama kumpeleka mtoto shule hajanawa uso. Aliachia.

Siku ya mechi ya kwanza ya ligi kuu alikaa jukwaani, mikono mapajani, mume wake kulia, shemeji yake kushoto. Timu ilitoka kwenye mlango wa vyumba vya chini huku uwanja mzima umesimama. Jezi zilikuwa safi, zimepigwa pasi, mikunjo imenyooka, zote isipokuwa ile ya mbele.

"Shemeji," alisema Mwenyekiti akimwegemea, "mbona ya nahodha ina doa?"

"Niache," alisema Mama Jezi, na akapangusa macho kwa mikono yote miwili, iliyokuwa bado na wino wa kuchovya jezi. Mashavu yake yalibaki ya zambarau hadi filimbi ya mwisho.